Nguvu Zinavuja Wapi?

Watu wanaoniletea gari lililoishiwa nguvu mara nyingi wameshampata mwenye kosa kabla hawajafika. Ni dereva aliyetangulia, ni fundi wa mtaa wa pili, ni petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara, ni shemeji aliyeazima gari kwenda matanga. Na hapa Kolwezi, Kongo, jina linalotajwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni la mtu wa nyumbani: kuna anayekula nguvu za gari, kama wanavyokula wengine nguvu za biashara na za mimba. Mimi ni fundi wa moteri za zamani kando ya njia inayopeleka watu kazini upande wa mgodi wa Mashamba, na ni Mkristo niliyelelewa Musonoi na wazazi wa jumuiya ya Jamaa. Swali ninaloandika hapa limenikaa katika kazi na katika sala: nguvu za kitu au za mtu zinapopungua, tunaruhusiwa kuuliza nini, na tumuulize nani?

Swali hili lina historia kwetu hapa. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Katika miaka ya 1950 alikuwa Kolwezi, kwenye kambi ya Musonoi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, na hapo ndipo Jamaa ilipozaliwa: wake na waume wakiitana baba na mama, wakifundishana juu ya umuntu na mawazo yake makubwa matatu, uzima, uzazi na mapendo. Nimekua nikiyasikia maneno hayo kwenye mikutano ya usiku nyumbani kwetu, watoto tukisinzia juu ya mkeka, wakubwa wakizungumza hadi taa inaisha mafuta. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu kuwepo ni kuwa na nguvu, kwamba nguvu ndiyo kuwepo kwenyewe. Nguvu huongezeka, nguvu hupungua, na zikipungua kuna aliyezipunguza. Ugonjwa, utasa, ajali, madeni, yote ni kupungua, na kupungua hakuji peke yake.

Wasomi wamemkosoa, na nitarudi kwa mmoja wao. Ila jambo hili moja aliliona sawasawa, nami naliona garajini kila wiki. Watu wetu wakipungukiwa, neno la kwanza mdomoni ni "nani".

Moteri nayo inaishi kwa nguvu zilizofungiwa. Pistoni inapanda ndani ya silinda valvu zote zikiwa zimefungwa, hewa na petroli vinabanwa hadi kubaki sehemu moja ya tisa hivi ya nafasi vilivyokuwa navyo, ndipo bujii inapotoa cheche. Mbano huo ndio tunaouita kompresio. Ukiwa mzuri, moto unasukuma. Ukiwa dhaifu, petroli inaungua ovyo, gari linatetemeka likisimama, linakunywa mafuta kupita kiasi, na mlima linaupanda kwa kubembelezwa. Ndani humo hakuna dirisha la kuchungulia. Nguvu zinaweza kutoroka pembeni, kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zinaweza kutoroka juu, kwenye viti vya valvu. Au kwenye gasketi inayokaa kati ya bloku na kulasi, kile kichwa cha moteri. Kwa nje, njia zote hizo zinaleta lalamiko moja la dereva: fundi, halivuti.

Kupima kunataka adabu. Moteri iwe imepata joto lake la kazi, kwa sababu chuma baridi hakijatanuka na kinasema uongo. Bujii zitolewe zote, hata zile za silinda usizozishuku. Umeme wa cheche ukatwe, petroli isimamishwe. Mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini, maana koo la hewa likibaki limefungwa moteri itakosa pumzi na itahukumiwa kwa kosa la mguu wako. Betri iwe imejaa. Betri iliyochoka inazungusha polepole na silinda zote nne zinaonekana kama zinaumwa. Hapo ndipo unapofunga kipimo kwenye tundu la bujii, stata inazungusha, nawe unautazama mshale: umeruka kiasi gani kwenye pigo la kwanza, umepandaje kwenye la pili na la tatu, umesimama wapi. Mshale unaoanza chini kisha ukapanda kidogo kidogo unanielekeza kwenye ringi. Unaoanza chini na kubaki chini unanielekeza kwenye valvu. Unaandika, unahamia silinda inayofuata, unairudia kazi kwa mapigo yale yale, bila kupendelea.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndani yake mna haki ya mshtakiwa. Sehemu kubwa ya kupima ni kuondoa kwanza makosa ya mpimaji: mguu wake, betri yake, haraka yake. Sijaona bado kikao cha kumtafuta mchawi ambacho kilianza kwa kuwakagua wanaotafuta.

Kisha kuna hewa. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitabu cha Toyota cha moteri ya 4A-FE, iliyobeba Corolla nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, kinataka bari 13 kwa moteri iliyo nzima, na ikishuka chini ya kama bari 10 kinaihesabu kuwa imechoka. Lakini hapa kwetu hewa ni nyepesi. Silinda inavuta asilimia 85 hivi ya hewa ambayo ingeivuta Dar es Salaam, na haiwezi kubana kisichoingia. Kwa hiyo Corolla yenye afya kamili inasoma 11 hapa. Corolla iliyotumika sana lakini bado ina miaka ya kazi mbele yake inasoma 9. Kitabu kinaiambia imekwisha, na gari hilo hilo lingepita likipimwa ufukweni. Fundi anayesoma namba bila kukumbuka amesimama wapi atafungua moteri nzima, atakula fedha za mjane, na atakuwa ameamini kitabu kwa moyo safi kabisa.

Ndiyo maana mimi hutazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Zote nne zinavuta hewa moja, zilitoka kiwandani siku moja, zimekula vumbi moja jekundu nyuma ya malori ya madini. Toyota yenyewe inataka zisipishane kwa zaidi ya bari 1. Ukiona tatu ziko sawa na moja imeanguka, hapo una neno la kusema. Zikiwa zote nne ziko chini kwa usawa, rudi kwanza kwa mpimaji na hewa yake, kisha tazama kama mkanda wa kamu haujaruka meno, kabla hujailaumu hata moja.

Nawaza hewa hiyo ninapowasikia wahubiri wanaompima mtu wa Kolwezi kwa namba za mbali. Mbona fulani wa Dar es Salaam ameamini miaka miwili na ana nyumba tatu, wewe umeamini miaka ishirini na unapanga chumba? Basi imani yako inavuja, kuna dhambi, kuna mkono wa mtu. Mtu huyo amepumua maisha yake yote hewa nyepesi: mishahara iliyokatika, maji ya kununua, mtoto aliyezikwa kwa malaria. Kiasi alichobaki nacho cha uvumilivu na mapendo, kikipimwa kwa hewa aliyoivuta, huenda kikampita yule wa Dar es Salaam kwa mbali. Naamini Mungu anajua urefu wa mahali alipomweka kila mtu. Wahubiri wengi hawaujui.

Mama mmoja mwenye Corolla ya taksi, inayokwenda na kurudi kati ya mjini na njia ya Mashamba, alinijia na dereva wake. Gari lilikuwa halipandi tena likiwa na abiria wanne. Mama hakueleza gari, alieleza nyumba. Mume amefariki, ada za shule zimechelewa, na katika chumba cha maombi anakosali nabii amemwambia kwamba kuna mdogo ndani ya nyumba anayekula nguvu za gari usiku. Mdogo wa nyumba ile ni mmoja tu: binti wa marehemu dada yake, mtoto wa darasa la nne. Dereva ndiye aliyeng'ang'ania wapitie garajini kwanza.

"Fundi, angalia tu," mama akaniambia. "Lakini mimi nimeshajua."

"Sawa, Mama. Kaa hapa karibu, tuangalie pamoja."

Silinda ya kwanza ilisoma 11. Ya pili 11 kasoro kidogo. Ya tatu 4. Ya nne 11. Niliirudia ya tatu yeye akiwa ameinama juu ya kipimo, auone mshale mwenyewe. Kisha nikatia kijiko cha oili ndani ya silinda ile, nikapima tena. Oili inaziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na ukuta. Kama nguvu zingekuwa zinapita pale, mshale ungepanda. Haukupanda. Ringi zikaondolewa lawama hapo hapo. Nikaisogeza pistoni ya tatu hadi juu kabisa, mahali ambapo valvu zake zote zinapaswa kuwa zimefungwa, nikapeleka hewa ya kompresa kupitia tundu la bujii. Kuanzia hapo kazi ni ya masikio. Hewa ikilia kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Ikirudi kwenye koo la hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, ni gasketi. Nilimwomba mama aende nyuma ya gari, ategeshe sikio kwenye bomba la moshi. Alisikia mluzi mwembamba usiokatika. Akainuka, akaweka kiganja mbele ya bomba, akahisi upepo.

"Zinatokea huku," akasema.

Tulipofungua kulasi, valvu moja ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeliwa na moto ukingoni, pengo la ukubwa wa kipande cha ukucha. Sababu nayo ilionekana. Valvu ikigonga kiti chake miaka na miaka, inazama. Nafasi ndogo iliyoachwa kati yake na kamu inazidi kupungua. Na siku nafasi hiyo ikiisha, valvu haifungi tena kabisa. Gesi ya moto inapenya kwenye ule upenyo na kukata chuma. Vidonge vya chuma vinavyorudisha nafasi hiyo vilikuwa ni vile vile vya kiwandani. Valvu iliyobana haipigi kelele kama valvu iliyolegea, na kisichopiga kelele hakipewi fedha.

Nilidhani tumemaliza. Mama aliishika ile valvu, akaigeuza, akauliza, "Sawa, ni hii. Lakini kwa nini gari langu, fundi? Kwa nini mwaka huu?"

Swali hilo lina uzito, na lina wakubwa wake. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyekaa na Wazande wa Sudan Kusini ya leo, ambao ndugu zao wako kaskazini mwa nchi yetu huko Uele, alilisikia na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ghala la nafaka linaanguka juu ya watu waliokaa chini ya kivuli chake. Kila Mzande anajua mchwa wamekula nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Anachouliza ni kwa nini nguzo ikatike saa ile ile walipokaa watu wale wale. Mchwa hawana jibu la hilo, na valvu yangu haikuwa nalo. Fundi anayedai kwamba kipimo chake kimemaliza kila swali anadanganya, na aliyefiwa anaugundua uongo huo mara moja. Ndiyo sababu anarudi kwa nabii: pale angalau swali lake linapokelewa.

Mimi silitaki swali hilo lifutwe. Nataka lifike kwa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza "kwa nini" katika Maandiko kama Ayubu. Mali ilikwenda, watoto wakaenda, ngozi yake ikaoza, na watu walioponea walimletea hata majina ya waliomwibia mifugo, Wasabea na Wakaldayo. Hakukaa kuwahesabia. Hakumtafuta mtumishi aliyemwonea wivu wala mke mdogo wa jirani. Kilio chake chote alikipeleka kwa Mungu, tena kwa maneno makali ambayo leo yangemfukuzisha katika vyumba vingi vya maombi. Rafiki zake walikuja wakakaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya katika kitabu kizima. Walipofungua mdomo walianza kumtafuta mwenye kosa, wakampata pale pale penye jivu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, na Ayubu ndiye anayeombwa awaombee.

Na Mungu mwenyewe, alipomtafuta Adamu aliyejificha kati ya miti, alianza kwa kumuuliza alipo. Habari za nani amemwambia nini zilikuja baadaye. Habili alipouawa, Kaini naye aliulizwa kwanza ndugu yake yuko wapi. Nauchukulia utaratibu huo kwa uzito. Mahali kwanza.

Msimamo wangu basi ni huu. "Kwa nini mimi" ni swali la kupelekwa kwa Mungu peke yake, kwa machozi au kwa hasira, analiweza. Likitwishwa binadamu, hasa aliye mdogo, linamponda. "Nani" ni swali la binadamu kwa binadamu, na anayeliuliza aje na alama mkononi: chuma kilichoungua, karatasi yenye sahihi, mtu aliyeona kwa macho.

Nasisitiza alama kwa sababu wako pia wanaopenda tusiulize "nani" hata siku moja. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alimshambulia Tempels mwaka 1950 kwa jambo hilo. Kama Mbantu anachotaka ni kuheshimiwa nguvu zake za ndani, aliuliza kwa uchungu, basi nani atasumbuka na mshahara wake, nyumba yake, chakula chake? Kwangu mimi niliyekulia kambini Musonoi, ukosoaji huo unauma kwa sababu ni wa kweli. Katika ngazi ya Tempels, Mungu yuko juu, wanafuata waanzilishi wa koo, kisha wafu, kisha walio hai kwa ukubwa wao, halafu wanyama, mimea, na chini kabisa mawe na madini. Naishi katika mji ambao umeipindua ngazi hiyo. Watu wamehamishwa nyumba zao ili jiwe lipite.

Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 haikufika 50,000. Njia zilizopitia nguvu hizo zinajulikana: mgodi wa Kamoto ulioporomoka Septemba 1990, mitambo iliyokosa vipuri, fedha zilizonyonywa na utawala wa Mobutu, na baadaye mikataba. Mashamba yenyewe imegawanyika, mashariki kwa kampuni ya KCC, magharibi kwa kampuni ya Sicomines, ambayo ndani yake upande wa Kongo una asilimia 32 na washirika wa Kichina 68. Hayo yote yana tarehe na sahihi. Ni "nani" yenye alama, na kila raia ana haki ya kuiuliza kwa sauti kubwa. Lakini mishahara ilipokatika, baba akarudi nyumbani mikono mitupu, familia ngapi ziliambiwa zimtafute mchawi chini ya paa lao! Mtoto wa miaka kumi anapatikana upesi kuliko aliyetia sahihi mkataba. Yuko jikoni, hana wakili, na akipigwa vya kutosha anakiri.

Sheria yetu inaijua hatari hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inampa kifungo anayefanya hivyo. Nilimwambia mama habari hizo. Zilimtisha bila kumshawishi. Alihitaji kusikia kwa mtu wa imani, mtu anayekubali kwamba nguvu zinaweza kupunguzwa, na mimi kwake nilikuwa mtu wa spana. Basi nikampeleka kwa mzee mmoja wa Jamaa, ambaye watu wengi wa Musonoi wanamwita baba.

Mzee alisikiliza yote, valvu na nabii pamoja. Hakucheka. Akasema mawazo yana nguvu, na kwamba mawazo mabaya ya mtu yanaweza kumfifisha mwenzake bila kumgusa. Ameona hivyo maishani mwake, nami nimeona. Mtoto anayeambiwa kila jioni kwamba ni mzigo hukonda akiwa anakula. Mama akatikisa kichwa kwa kukubali, nami nikaanza kuhofia tunakokwenda.

"Lakini mama," mzee akaendelea, "sisi tulifundishwa kwamba nguvu zinashuka. Baba anamzidisha mtoto au anampunguza. Mtoto hampunguzi baba. Aliye mdogo hana uwezo huo juu ya mkubwa wake."

Ni kweli, Tempels aliandika hivyo, na ajabu yangu ni kwamba hoja hiyo haitajwi na wanaodai kutetea mila. Kwa falsafa ile ile wanayoitumia kumtafuta anayekula nguvu, mtoto hawezi kumla mkubwa. Anayemwita mtoto mchawi ameigeuza mila kichwa chini miguu juu.

Mama hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Alisema mtoto anaweza kupitia kitu, kwa mfano chuma, na gari ni chuma. Mzee alikiri kwamba wakubwa walizungumza pia juu ya mtu kupitisha nguvu zake katika kitu kilicho chini yake. Akaniomba mimi, fundi, niseme. Nikatoa valvu mfukoni, nikaeleza tena jinsi kidonge kisichobadilishwa kinavyoimaliza nafasi, na nikasema kwamba chuma hiki kimeeleza habari zake chenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, wala hapakubaki mahali pa kumweka mtoto. Palibaki tu lile swali la kwa nini mwaka huu, na hilo haliko ndani ya chuma.

"Hilo tutalisema kwa Mungu, mimi na wewe, leo," mzee akamwambia mama. "Na hatutataja jina la mtu. Sasa niambie. Kama nguvu zinashuka kutoka kwa mkubwa, katika nyumba yako mkubwa ni nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Mtoto anakula na nani?"

Mama alikawia kujibu. Tangu nabii aseme, mtoto anakula jikoni, baada ya wengine. Analala huko huko. Shule ameachishwa tangu mwezi uliopita.

"Hayo yana alama," mzee akasema, akaanza kuyapanga: sahani irudi mezani jioni ile ile, godoro lirudi chumbani kwa binamu zake, na Jumatatu mama mwenyewe ampeleke mtoto kwa mwalimu mkuu. Mama aliuliza fedha zitatoka wapi, taksi ikiwa bado imefunguliwa. Ada ya muhula ule wanajamaa waliichanga baada ya mkutano wao wa wiki, na valvu mpya niliifunga kwa malipo ya kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya silinda zote nne.